Semeni Kabla ya Saini

(Hotuba kwa vijana wanaosomea diplomasia, Dar es Salaam)

Ndugu mwenyekiti, walimu, wageni wetu, na ninyi vijana ambao mazungumzo haya ni yenu: hamjambo.

Nimeombwa nieleze jinsi nchi inavyoweza kulinda urafiki wake na serikali nyingine huku ikitetea haki za watu zinazovunjwa huko. Mada ni pana, na sehemu kubwa mtaisoma darasani. Mimi nitashika kipande kimoja nilichokifanyia kazi: dada zetu na binti zetu wanaokwenda nchi za Kiarabu za Ghuba kufanya kazi za ndani. Nilikaa ubalozini miaka kadhaa nikishughulikia mambo ya raia. Nchi sitaitaja, wala ofisi, kwa sababu wenzangu waliokuwa vituo vingine wananisimulia mambo yale yale.

Nianze na asubuhi moja.

Ilikuwa Jumapili, ambayo huko ni siku ya kazi. Mlinzi alinipigia simu kabla ya saa moja akasema kuna binti getini tangu alfajiri. Nikamkuta ameketi kwenye ukingo wa bustani, baibui limefunikwa mpaka chini ya macho, miguuni amevaa ndala za plastiki, zile za chooni, moja ya bluu na moja ya kijani. Mkoba hakuwa nao. Namba ya simu ya ubalozi alikuwa ameiandika kwa wanja kwenye pindo la kanga aliyojifunga ndani ya baibui, na jasho lilikuwa limeshafuta tarakimu mbili za mwisho. Alikuja kwa miguu, akiwauliza njia madereva wa teksi wasiojua lugha yake, naye akiwaonyesha kwa vidole rangi za bendera yetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Nimetoka kazini, baba. Nataka kwenda nyumbani."

Alikuwa mtoto wa Muheza. Umri wake miaka ishirini na mitatu, ingawa pasipoti yake, tulipoiona baadaye, ilisema ishirini na minane. Alikuwa amefanya kazi miezi saba. Mwezi wa kwanza alilipwa, ile sita iliyofuata aliambiwa anawekewa. Alikuwa akilala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja, kwa sababu nyumba ilikuwa na watu kumi na mmoja, na mama wa nyumba alikuwa na desturi ya kumwazima kwa dada yake siku za Ijumaa. Simu alinyang'anywa siku aliyofika, pamoja na pasipoti. Kabla ya kuondoka alisaini mkataba hapa nyumbani: saa nane kwa siku na siku moja ya mapumziko kwa juma. Alipofika huko akawekewa karatasi nyingine ya Kiarabu, akasaini bila kusomewa. Hiyo ya pili ndiyo iliyotambuliwa.

Nikampigia kafili. Kwa wale ambao neno hili bado ni geni kwao, kafili ni mwajiri ambaye viza ya mfanyakazi imefungwa kwenye jina lake. Chini ya mfumo huo, ukitoka nyumbani kwake bila ruhusa unahesabiwa umetoroka. Akishakwenda polisi kutoa taarifa, wewe ndiye mwenye kosa, hata kama ulitoka kwa sababu ulipigwa. Nilitarajia matusi. Badala yake alinisalimu kwa adabu, akaniuliza hali ya watoto, kisha akaniambia, kwa Kiswahili safi cha Unguja, kwamba amemlipa wakala fedha nyingi kumleta huyu mtoto, na fedha hiyo nani atamrudishia? Bibi yake, akasema, alizaliwa Malindi, pale pale Mji Mkongwe.

Nataka mfahamu uzito wa Kiswahili kile. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilikimbia, na Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 akawaita Waomani waliokuwa nje warudi wakaijenge nchi. Wengi walirudi kutoka kwetu. Ndiyo maana leo ukiingia sokoni Maskati unaweza kununua vitu vyote kwa Kiswahili, ukapewa na salamu za kupeleka Pemba. Kuna arusi na misiba inayotuunganisha, kuna mashamba na nyumba. Na kuna wanawake wetu wanaopendwa kazini kwa sababu hiyo hiyo: watawalea watoto kwa lugha ya bibi yao. Basi ofisa wa ubalozi anapoinua simu kudai mshahara wa msichana, upande wa pili yuko mtu anayemwita ndugu yangu, naye anamaanisha. Neno kali linakuwa zito mdomoni.

Wiki ile kulikuwa na ujumbe unakuja kutoka nyumbani, viongozi pamoja na wafanyabiashara. Mkubwa wangu wa kazi, mtu mwema ambaye ninamheshimu mpaka leo, aliniita akafunga mlango. Akasema jambo hili lisifike kwa wenyeji kabla ujumbe haujaondoka. Tulimalize kimya kimya. Funika kombe mwanaharamu apite. Binti akawekwa stoo, maana hatukuwa na nyumba ya hifadhi. Alilala kwenye godoro jembamba katikati ya maboksi ya kalenda tulizokuwa tumeandaa kwa wageni, zenye picha ya Mlima Kilimanjaro na twiga wa Mikumi. Siku kumi na moja. Mchana alikuwa akifagia korido zetu bila kuombwa, na kila nikimwambia akae chini, anakaa, nikigeuka anashika fagio tena.

Siku ya kumi na moja kafili akakubali kuachia pasipoti na kufuta taarifa ya kutoroka, kwa sharti kwamba binti atie saini kuwa hana madai. Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari mitano. Mimi ndiye niliyemtafsiria. "Nakiri kwamba nimepokea haki zangu zote." Akaniuliza, "Zote zipi, baba?" Nikamwambia asaini ili apande ndege. Kalamu aliyotumia ilikuwa yangu.

Vijana wangu, nimeifikiria karatasi ile kwa miaka. Watu wanaposikia kisa kama hiki husema ubalozi haukuwa na huruma, au serikali iliogopa kuharibu urafiki. Huruma tulikuwa nayo. Wake zetu ndio waliompikia. Kilichotupungukia ni pa kushika. Mtasoma Mkataba wa Vienna wa 1963 unaohusu mambo ya konseli, yaani ofisa anayeshughulikia raia wa nchi yake walio ugenini. Kifungu cha 36 kinampa konseli uhuru wa kuwasiliana na raia wake, na kinampa haki ya kumtembelea aliyeko gerezani. Mfungwa ana mlango ambao konseli anaweza kuugonga kwa jina la mkataba. Aliyefungiwa jikoni mwa mtu hana. Siwezi kugonga nyumba ya raia wa nchi nyingine nikadai kuingia. Nikifanya hivyo nimevunja sheria yao, na wana haki ya kunifukuza. Kinachobaki ni kuomba, na kuomba kuna wiki zake nzuri na wiki zake mbaya. Yule binti alifika wiki mbaya.

Ninalotaka kuwaambia ni kwamba mkianza kulitafuta jibu siku mtu anapofika getini, mmeshachelewa. Siku hiyo mna njia mbili tu, kupiga kelele au kunyamaza, na zote mbili zinamwumiza. Wakati wa kusema ni kabla ya saini: wakati wao wanawataka watu wenu na nyinyi bado hamjawatoa. Hapo neno gumu halivunji urafiki, kwa sababu bado ni sehemu ya mapatano. Likisemwa baadaye, linakuwa lawama.

Hili si jipya kwetu. Machi 1961, miezi tisa kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere, aliyekuwa akiongoza serikali ya madaraka, aliandika katika gazeti la London kwamba Tanganyika haingeweza kuingia katika Jumuiya ya Madola ikiwa Afrika Kusini ya ubaguzi itabaki kuwa mwanachama. Tazameni hali aliyokuwa nayo. Nchi haijapata bendera, hazina yake inategemea Uingereza, na bado anawaambia wenye jumuiya masharti yake. Lakini alisema akiwa nje ya mlango. Hakumtukana mtu, wala hakuvunja kitu, maana hakikuwapo cha kuvunja. Siku chache baadaye, mkutano wa viongozi ulipobana, Afrika Kusini ikaondoa ombi lake la kuendelea na uanachama. Si yeye peke yake aliyeibana. India ilikuwapo, Kanada ilikuwapo. Ila sauti ya mtu ambaye anaweza kukataa kuingia ilisikika.

Na lingine ambalo watu wa Mbeya wanalijua zaidi. Kabla ya Uhuru vijana wa Rungwe na kwingineko walikuwa wakiandikishwa kwenda migodini Afrika Kusini, wakiita kwenda Wenela, kwa jina la kampuni iliyokuwa ikiwaajiri. Wazee walirudi na mablanketi, baiskeli, na vifua vilivyokwisha. Tulipojitawala, serikali ikaufunga mlango huo. Kuna familia zilizopoteza kipato, na serikali yenyewe ilipoteza mapato, na kijijini kulikuwa na manung'uniko. Nchi ilikubali hasara hiyo kwa macho wazi.

Gharama ni jambo ambalo sitaki mlipite haraka. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakakutana Addis Ababa, wakaazimia kwamba kama Uingereza haitauzima uasi ule hadi tarehe 15 Desemba, nchi zote wanachama zitavunja nayo uhusiano wa kibalozi. Tarehe ilipofika, zilizotimiza ahadi zilikuwa chache, kati ya nchi zaidi ya thelathini. Tanzania ilikuwa mojawapo. Mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kukubaliwa ukazuiwa. Uhusiano haukurudi mpaka 1968, na katika Jumuiya ya Madola tulibaki. Mwalimu aliwaeleza wabunge waziwazi sababu na hasara, kabla hasara haijafika. Mtu akiwaambia kwamba kutetea haki hakugharimu kitu, msimwamini. Mwulizeni bei, kisha mwambieni mwananchi bei hiyo mapema.

Najua litakaloulizwa. Zama zile zilikuwa za mapambano, leo tunahitaji wawekezaji, watalii, ajira. Basi nitoe mfano wa leo, wa nchi ambayo si tajiri na inaishi kwa fedha za watu wake walio nje.

Februari 2018 polisi wa Kuwait walifungua friza katika nyumba iliyoachwa na wenyewe, wakaukuta mwili wa mfanyakazi wa ndani kutoka Ufilipino. Alikuwa amelazwa humo zaidi ya mwaka mmoja. Ufilipino ikapiga marufuku kupeleka wafanyakazi Kuwait. Aprili, watumishi wa ubalozi wao wakaonekana kwenye video wakiwatoa wafanyakazi kwenye nyumba za waajiri. Kuwait ikakasirika, ikamfukuza balozi na kumwita wa kwake nyumbani. Kwa kipimo cha vitabu vyetu, huo ndio ukingo wa kuvunja uhusiano. Kule Kuwait walikuwa na raia zaidi ya laki mbili na nusu, na kila mmoja ana mtu anayemtumia fedha nyumbani.

Wiki mbili na ushei baadaye, tarehe 11 Mei 2018, nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano. Mwajiri asishike pasipoti ya mfanyakazi. Mfanyakazi awe na simu yake. Apewe siku ya mapumziko. Yaangalieni mambo haya jinsi yalivyo madogo. Simu! Binti wa Muheza angekuwa na simu asingeandika namba kwa wanja. Angekuwa na pasipoti mfukoni, kafili asingekuwa na cha kuuza siku ya kumi na moja.

Sisemi karatasi ile ilimaliza maovu. Mwisho wa 2019 mfanyakazi mwingine wa Kifilipino aliuawa Kuwait na zuio likarudi. Mwajiri wake alihukumiwa kifo na mahakama ya huko mwaka uliofuata. Januari 2023 mwingine tena, na nchi hizo zikabishana upya. Lakini kila zikibishana sasa kuna maandishi mezani. Ofisa wao anaposema "mlikubali," anasoma. Mimi nilipokuwa naongea na kafili nilikuwa nasihi.

Hapa lazima niseme neno juu ya marufuku, kwa sababu kila baada ya video mpya kusambaa wabunge wetu na wa majirani husimama kudai safari hizi zifungwe. Kenya imewahi kufunga na kufungua. Uganda vilevile. Mlango ukifungwa bila mazungumzo upande wa pili, wakala hafungi biashara, anabadili njia tu. Binti wa Nairobi anapitishwa Kampala, wa Kampala anapitishwa Nairobi, na wa kwetu anasafiri kwa viza ya matembezi akiambiwa aseme anakwenda kumwona shangazi. Akifika, jina lake halimo kwenye daftari la ubalozi wowote. Zuio la Ufilipino lilifaa kwa kuwa lilikuwa na mwisho uliotamkwa: tutafungua mkisaini haya. Zuio lisilo na sharti ni hasira ya wiki moja.

Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilisema kwamba Wakenya 89, wengi wao wafanyakazi wa ndani, walikuwa wamefia Saudi Arabia katika muda wa takribani miaka miwili. Maelezo ya wenyeji kwa vifo vingi yalikuwa kwamba moyo ulisimama. Vijana waliopimwa afya kabla ya kupewa viza, na mioyo inasimama. Wizara ile ilishauri kupeleka watu kusimamishwe kwanza mpaka pawe na ulinzi. Upande wa kazi na ajira ulikuwa na hesabu nyingine. Ndani ya serikali moja, mkono mmoja unahesabu majeneza na mwingine unahesabu fedha zinazotumwa nyumbani. Mtafanya kazi ndani ya mkanganyiko huo huo, na hakuna atakayewapa maelekezo yaliyonyooka.

Kuna wanaosema mambo ya kazi huko ni mambo ya ndani ya nchi nyingine, na diplomasia haiingilii. Kanuni hiyo naiheshimu. Bila hiyo nchi ndogo kama zetu zingekuwa uwanja wa kila mtu. Lakini Afrika ilishaiona kanuni hiyo ikitumika kama pazia. Mwaka 1975 wakuu wa Afrika walikwenda kukutana Kampala kwa Idi Amin, Tanzania ikakataa kwenda, tukaambiwa tunaharibu umoja. Baada ya vita vya Kagera tulilaumiwa hadharani kwenye mkutano wa wakuu hao Monrovia, Julai 1979, kwa kuingia Uganda, na Rais mpya wa Uganda, Godfrey Binaisa, akasimama kutetea. Mkutano ule ule ndio ulioazimia kuandikwa kwa mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981. Na suala letu ni jepesi zaidi ya hilo. Hatuzungumzii namna Kuwait au Oman inavyowatendea raia wake. Tunazungumzia binti wetu, aliyekwenda kwa pasipoti yenye nembo yetu. Tukiyaita hayo mambo ya ndani ya mtu mwingine, tumemtoa kama mahari bila hata kumuuliza.

Wala msiende huko mkidhani wenyeji wote ni akina fulani. Nimewajua wanasheria wa Ghuba waliofanya kazi usiku kutusaidia bila kuomba senti, na familia zilizomlipia mfanyakazi wetu matibabu ya saratani mpaka mwisho. Kuwait ina sheria ya wafanyakazi wa ndani tangu 2015, inayotaja saa zisizozidi 12 kwa siku na mapumziko ya siku moja kwa juma. Ofisa makini huzisoma sheria za wenyeji, akawaomba wayaweke kwenye makubaliano yale waliyokwisha kuyaandika wenyewe. Ni vigumu kumkasirikia mtu anayekusomea sheria yako.

Siku moja ofisa wa huko aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake tayari. Tulikuwa tunakunywa kahawa, nimetoka kumweleza juu ya mishahara isiyolipwa. Akaniuliza taratibu, "Ndugu yangu, kwenu mfanyakazi wa ndani analipwa kiasi gani?" Wakati huo amri ya mishahara ya 2013 ilikuwa inasema shilingi 40,000 kwa mwezi kwa anayelala nyumbani kwa mwajiri. Amri ya 2022 iliipandisha ikawa 60,000. Nikamtajia. Akageuza hesabu kichwani kuwa fedha ya kwao, akanyamaza, akanimiminia kahawa nyingine. Hakusema neno zaidi.

Lile lilinirudisha nyumbani kweli kweli. Nani hapa ana dada wa kazi mwenye mkataba wa maandishi? Analala wapi? Siku yake ya mapumziko ni ipi? Tunamwita dada, tunamwita mtoto wa nyumbani, na kwa udugu huo huo tunamnyima mshahara wa mwezi mzima kwa sababu "tunamtunzia." Yule kafili aliyesema "anawekewa" hakuhitaji kujifunza neno hilo mbali. Na kwenye mambo makubwa vilevile. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ina makao yake Arusha, kwetu, na Novemba 2019 tulijitoa kwenye tamko lililokuwa linamruhusu mwananchi kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Mwenzako mezani anayajua hayo. Anakuja na faili. Hamtapata nguvu ya kudai haki za binti yetu kule huku tukiwafungia wengine milango hapa, na ninalisema hili nikiwa mtumishi wa serikali niliyestaafu, ninayeipenda nchi yangu.

Basi siku mtakapoketi kwenye meza hiyo, na mtaketi, mwende na mambo yaliyo wazi. Mkataba uwe mmoja, kwa lugha anayoisoma mfanyakazi, na huo ndio uwe na nguvu huko aendako. Pasipoti ibaki kwake. Simu ibaki kwake. Mshahara upite benki kwa jina lake, ili mwenye madai aonyeshe karatasi badala ya kuapa. Madai ya mshahara yasikilizwe hata baada ya mtu kurudi nyumbani, na saini ya "sina madai" isiyoshuhudiwa na konseli isihesabike. Ubalozi uruhusiwe kuwa na nyumba ya hifadhi, na aliyekimbilia humo asihesabiwe ametoroka mpaka shauri lake lisikilizwe. Kama nalazimika kuchagua moja nianze nalo, nachagua la saini.

Mtaambiwa: mkiweka masharti hayo watawaacha, watachukua kutoka nchi nyingine ya jirani. Ni kweli, hufanya hivyo. Wakala akiona Dar es Salaam kuna masharti anakwenda Mombasa, akibanwa Mombasa anakwenda Kampala, akibanwa Kampala anakwenda Bujumbura. Tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, tunakaa Arusha kujadili ushuru wa sukari na mahindi, na wasichana wanaoongea lugha moja, wanaolala chumba kimoja cha wakala wakisubiri kupangiwa nyumba, kila mmoja nchi yake inapiga bei peke yake. Hili nililiona kwa macho: Mtanzania, Mkenya na Mrundi, mishahara mitatu tofauti, wanafarijiana kwa Kiswahili. Nchi hizi zingekwenda mezani pamoja, hakuna ambako wakala angekimbilia kirahisi. Ninyi mtakutana na wenzenu wa Nairobi, Kampala na Bujumbura kwenye semina na mafunzo. Pelekeni jambo hili.

Nimalizie na yule binti. Alirudi Muheza. Mwaka jana alipata namba yangu kwa mtu, akanipigia. Ana duka dogo la vitenge na watoto wawili. Tuliongea vizuri, akamsalimia mke wangu kwa jina, kwa kuwa ndiye aliyempa viatu vya kusafiria. Karibu na mwisho akaniuliza kama ile karatasi bado ipo, na kama ile miezi sita bado inaweza kudaiwa. Nikamwambia karatasi ninayo.

Nakala yake nimekuja nayo leo. Jina lake na la kafili nimeyafunika. Iko hapa mbele, kwenye bahasha ya kaki. Tukimaliza, naomba mje mmoja mmoja muisome.